Maji ya Kisima na Saruji ya Shule

Tunaposhauriana juu ya kujenga madarasa kwa matofali ya udongo uliotiwa saruji, twabishana sana juu ya bei ya saruji na aina ya udongo. Maji hayatajwi. Mahali kama Sericho, katika kaunti ya Isiolo, huo ni usahaulifu wa hatari.

Mto Ewaso Nyiro hukauka upande huo wa chini wakati wa kiangazi, na hapo tegemeo huwa ni visima. Tabaka la maji la Merti, linaloenea chini ya ardhi kuelekea Habaswein na Dadaab, lina maji baridi katikati na maji ya chumvi pembezoni. Maji baridi ni ya watu na mifugo. Si vigumu kukisia yapi yataachiwa saruji.

Tatizo ni kusema "chumvi" kana kwamba ni kitu kimoja. Kloraidi, iliyo katika chumvi ya mezani, ikiwa kidogo huharakisha kuganda kwa saruji. Fundi hufurahi, na mkaguzi apitaye siku ya saba hufurahi pia. (Chuma kikiwamo ukutani ni habari nyingine, kwani kitaliwa na kutu.) Salfeti ina tabia tofauti kabisa. Saruji ikiisha kushika, huungana na chokaa yake na alumina iliyomo katika udongo wa mfinyanzi, zikazaa fuwele mfano wa sindano, zenye kuvimba zipatapo maji. Tofali hupasuka kutoka ndani. Wala kununua saruji ya kustahimili salfeti hakumalizi mambo, kwa kuwa saruji hiyo imepunguziwa alumina yake yenyewe. Ile ya udongo ingali palepale.

Nani basi atamwambia fundi maji yake yana chumvi gani? Nadai kwamba ni shule yenyewe. Mwanafunzi wa Kemia wa sekondari hufunzwa kutia asidi ya haidrokloriki kwanza, magadi yakatoka povu yasije yakamdanganya, kisha kloraidi ya bariamu; mashapo meupe yakitokea, salfeti imo. Udongo nao ulowekwe katika maji ya mvua, uchujwe, upimwe vivyo hivyo. Kwa nini ujuzi huu uishie katika chupa za chumvi zilizonunuliwa dukani?

Mwalimu atanijibu kwamba mashapo hayo hayaonyeshi tofali litadhoofika kiasi gani. Ni kweli. Basi na yafyatuliwe matofali kumi na mawili kwa udongo na saruji ya kipimo kimoja, sita kwa maji ya kisima na sita kwa maji ya mvua, yatunzwe na unyevu siku 28. Nusu ya kila fungu ivunjwe hapo. Nusu ilowekwe na kuanikwa, tena na tena, muda wa miezi kadhaa, ndipo ivunjwe. Mashine haihitajiki: tofali lilazwe juu ya mawe mawili, litundikwe ndoo katikati, mchanga umiminwe kidogo kidogo mpaka livunjike, kisha mchanga upimwe kwa mizani. Kamati ya ujenzi isilipie lori la kwanza la saruji kabla ya kuziona hesabu hizo.