Kuogopa Mpira Si Aibu

Huko Nyalukemba, katika mji wa Bukavu, watoto hucheza mpira kila wanapopata mahali tambarare. Mahali pa namna hiyo ni pachache, kwa kuwa mji ni wa vilima vinavyoteremka mpaka Ziwa Kivu. Wenye mpira wa ngozi huucheza huo. Wasio nao hufunga matambara au majani makavu ya migomba kwa kamba. Wote hupenda kufunga mabao, lakini kazi ya golikipa wengi huikimbia. Mara nyingi hupewa mtoto aliye mdogo kuliko wote. Sababu ni moja: watoto huogopa kupigwa na mpira.

Woga huo si aibu. Mpira wa watu wazima una uzito wa gramu 410 hadi 450, nao ukipigwa kwa nguvu kutoka karibu huumiza kweli. Mungu ameuumba mwili ujilinde. Kitu kikija mbio usoni, macho hufumba yenyewe, kichwa hugeuka, mikono huinuka. Mtoto hakufundishwa mambo hayo. Mwili wake unayajua.

Lakini golini ulinzi huo humdanganya. Afumbaye macho haoni mpira unakokwenda. Hawezi kuudaka, wala hawezi kuukwepa. Kwa hiyo yeye ndiye apigwaye. Mwenzake anayeutazama huupokea kwa viganja, akauvuta kifuani huku akikunja mikono, nao mpira hupungukiwa nguvu. Basi macho yaliyo wazi ni ngao bora kuliko mikono iliyofunika uso.

Ng'ambo ya mto Ruzizi, katika nchi ya Rwanda, wako watu wachezao kriketi. Kiwanja chao kikubwa kilifunguliwa karibu na Kigali mwaka 2017. Katika mchezo huo mtu mmoja husimama na gongo la ubao, na mwingine humrushia mpira mdogo, mgumu, wa ngozi. Mpigaji hufundishwa jambo lile lile: autazame mpira tangu unapotoka mkononi mwa mrushaji. Tena huvaa kofia ngumu kichwani na kinga miguuni, wala hakuna amwitaye mwoga kwa sababu hiyo.

Wako watu wadhanio kwamba dawa ya woga ni kumpigia mtoto mipira mikali mpaka azoee. Hilo ni kosa. Mtoto aliyeumizwa hujifunza neno moja tu, kwamba mpira huumiza, na kesho atafumba macho mapema zaidi. Njia njema ni ya polepole. Kwanza arushiwe kwa mkono mpira wa matambara, kutoka hatua tatu. Akiudaka mara nyingi bila kufumba macho, mrushaji arudi nyuma hatua mbili. Kisha utumiwe mpira wa ngozi. Mwisho upigwe kwa mguu. Haba na haba hujaza kibaba.

Naye asidhani kwamba golikipa hodari hafungwi kamwe. Mwaka 2010 Robert Kidiaba alikuwa golikipa wa TP Mazembe ya Lubumbashi. Mwezi wa Desemba, huko Abu Dhabi, timu yake iliishinda Internacional ya Brazili kwa mabao 2 kwa 0. Wabrazili walipiga mipira mingi golini, naye akaizuia yote. Hivyo Mazembe ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Katika fainali hiyo Inter Milan iliwafunga mabao 3 kwa 0. Kidiaba hakuacha kazi yake kwa ajili ya mabao hayo.

Hata hivyo uko woga unaostahili kusikilizwa. Wazee husema: Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mwaka 2015 wakuu wa mpira wa Marekani waliwakataza watoto wa miaka 10 na chini yake kupiga mpira kwa kichwa, ili kulinda ubongo wao. Basi mtoto mdogo akikataa kupiga mpira wa ngozi kwa kichwa, wenzake wasimcheke. Ana haki.

Kwa hiyo wakubwa wamwekao mdogo golini wana wajibu. Kabla ya mchezo wamrushie mipira laini kwa muda mfupi, na kila mara wamkumbushe kutazama. Akiukosa mpira wasimzomee, bali wamrushie tena. Mtoto afundishwaye hivyo ataomba mwenyewe kukaa golini, na timu yake itakuwa imepata golikipa.