Nguva wa China na Soko la Nje: Somo la Lugha na Usambazaji wa Filamu

Filamu ya mapenzi na vichekesho ya The Mermaid, iliyoongozwa na Stephen Chow, ilianza kuoneshwa nchini China tarehe 8 Februari, 2016, siku ya Mwaka Mpya wa Kichina. Ilikusanya takriban Yuan bilioni 3.39 na kuwa filamu ya kwanza kuvuka Yuan bilioni tatu katika soko la nchi hiyo. Rekodi hiyo ilidumu hadi mwaka 2017, ilipovunjwa na Wolf Warrior 2.

Hata hivyo, mapato yake nje ya China yanatoa picha tofauti. Kati ya takriban Dola za Marekani milioni 553 zilizopatikana duniani kote, zaidi ya milioni 520 zilitoka China. Nchini Marekani filamu hiyo iliingiza takriban Dola milioni 3.2, kiasi ambacho hakifikii hata asilimia moja ya mapato yote.

Takwimu hizo zinaweza kutafsiriwa kuwa watazamaji wa Marekani waliikataa filamu hiyo. Mwenendo wa siku za mwanzo unaonesha vinginevyo. Wikiendi ya kwanza ilioneshwa katika kumbi 35 pekee, ikapata karibu Dola milioni moja, sawa na wastani wa Dola 28,000 hivi kwa kila ukumbi. Watazamaji walikuwepo, kilichokuwa kidogo ni idadi ya kumbi.

Ikumbukwe kuwa filamu nyingine ya mwongozaji huyo huyo, Kung Fu Hustle, ilipotolewa nchini Marekani mwaka 2005 ilifika katika kumbi zaidi ya 2,000 na kukusanya takriban Dola milioni 17. Nayo pia ilikuwa katika lugha ya kigeni. Tofauti ni kwamba msambazaji aliipeleka kwa umma mpana, na mapigano yaliyomo yanaeleweka hata kwa mtazamaji asiyesoma tafsiri.

Vichekesho vya mapenzi havina nafuu hiyo. Mzaha hukaa katika maneno, lafudhi na desturi za uchumba. Tafsiri iliyoandikwa chini ya picha humfikishia mtazamaji maana, lakini mara nyingi kicheko hubaki njiani. Kwa sababu hiyo wasambazaji wengi huzielekeza filamu za aina hii kwa jamii zinazoielewa lugha husika, na kwa kufanya hivyo huweka kikomo cha mapato kabla tiketi ya kwanza haijauzwa.

Kwa upande wa Tanzania, upo mfano unaoonesha njia nyingine. Mwaka 2011, Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC) lilirusha tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na Mama Wakwe Zake ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili. Visa vya ndoa changa na wakwe vilipokelewa vizuri na watazamaji, na tamthilia hiyo ilitajwa na Rais Xi Jinping wa China katika hotuba yake jijini Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Mkwe wa Beijing alieleweka sebuleni kwa sababu alizungumza lugha ya waliomtazama.

Mifano hiyo ina uzito kwa wadau wa filamu za Kiswahili wanaotafuta soko nje ya Afrika Mashariki. Inaonesha kuwa ubora wa kazi na umaarufu wake nyumbani, pamoja na umuhimu wake, havitoshi kuivusha mipaka. Gharama za tafsiri, uingizaji wa sauti na makubaliano ya usambazaji zinapaswa kuwemo katika bajeti tangu filamu inapoandikwa. Vinginevyo, filamu inayojaza kumbi nyumbani itaendelea kufika ugenini kama mgeni asiye na mkalimani.