Homa Ikishuka, Tusilale

Homa ya dengue iliyoenea Dar es Salaam mwaka 2014, hasa Kinondoni, ilirudi tena mwaka 2019. Virusi vyake ni vya aina nne. Aliyeugua aina moja akipatwa na nyingine, kinga aliyobaki nayo katika damu yaweza kumgeuka: badala ya kuzuia virusi, huvisaidia kuingia katika chembe za mwili, na mishipa ya damu huanza kuvuja maji. Hatari hiyo huja hasa homa inaposhuka, wakati sisi wazazi tunasema, "Amepona." Kosa letu liko hapo. Aspirini asipewe, maana huzidisha kutoka damu. Akiumwa tumbo sana, akitapika mfululizo au akitoka damu kwenye fizi, jumuiya isingoje kesho, imfikishe hospitali.