Ustahimilivu Si Kiinimacho



Kijana anayejifunza mazingaombwe hapa Arusha huambiwa mara nyingi kwamba anapoteza muda. Sisi twaona vinginevyo. Hatari haimo katika kiinimacho, bali katika kudhani kwamba mafanikio nayo hupatikana kwa kiinimacho.

Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliuza vyungu kabla ya kuimba. Mwaka 1928 alirekodi nyimbo zake Bombay, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Binti mmoja alikuwa akimsikiliza na kujifunza kwake: ndiye Bi Kidude, aliyetunukiwa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 akiwa ajuza tayari, na aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013.

Wazazi wapendwa, vijana wetu walio chini ya Mlima Meru huziona shangwe za jukwaani, vyungu hawavioni. Mahubiri juu ya subira hayatawatosha. Wanahitaji mtu mzima wa kumtazama, aliyeanguka, akainuka, akashika tena kazi yake. Basi tusiwafiche miaka yetu ya kuuza vyungu. Huenda ndiyo urithi wetu bora kwao.