Cha juu nilikula mimi, Kitonga tukalipa wote

Wiki hii sina umbea wa mtu. Nina wa kwangu mwenyewe, na tafadhali usiusome kwa sauti kaka yangu akiwa karibu, maana hasira zake ndiyo kwanza zinapoa.

Kaka ana Surf ya dizeli, manuali, mchuma wa miaka ya 90. Mwaka jana ikaanza kukosa nguvu na kutoa moshi wa bluu. Fundi akafungua hozi, akashika kile kifeni cha tabo, kikacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. "Tabo imekufa," akasema. "Leteni nyingine, na paipu yake ya oili. Hii imejaa masizi, ndiyo iliyoua."

Kaka alikuwa Mwanza kikazi. Akanirushia kwenye simu milioni moja na laki nane. "Dogo, chukua orijino. Shemeji yako na watoto wanapanda gari hilo." Nikajibu, sawa kaka.

Nikatua Kariakoo, mitaa ya Gerezani. Bei zikawa tatu. Mpya orijino, milioni moja na laki nane. Mtumba wa Japani, iliyong'olewa kwenye gari, laki saba. Halafu ya tatu, boksi linang'aa kama la saa, laki nne tu! Muuzaji akaniangalia usoni, akanisoma. "Zote zinapuliza hewa, mwanangu. Risiti niandike ngapi?"

Hapo shetani akavuta kiti akakaa. Nikamwambia aandike moja na nane.

Cha juu, milioni moja na laki nne. Raba mpya, simu mpya, na Jumamosi moja ya mishikaki Coco Beach na mtoto mmoja aliyekuwa akiniita bosi. Hata paipu ya oili sikununua. Nilimwambia fundi aipulize upepo, basi.

Miezi miwili gari likaenda poa, kaka akawa ananisifu kwa majirani. Desemba tukafunga safari ya Iringa kwa mama. Kaka kwenye usukani, shemeji pembeni yake, mimi nyuma na watoto wawili. Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu, tukaanza kupanda Kitonga.

Katikati ya mlima, mluzi wa tabo ukageuka sauti ya msumeno. Kisha kwaa! Moshi ukafunika barabara. Kaka akakanyaga klachi, akaweka nyutro, akazima gari. Halikuzimika! Ufunguo anao mkononi, injini inazidi kunguruma yenyewe kama imepandwa na mapepo. Watoto wakaanza kupiga kelele.

Dereva wa lori lililokuwa nyuma yetu akaja mbio. "Tokeni na watoto! Wewe ingiza gia ya tano, kanyaga breki mpaka mwisho, achia klachi!" Tukaruka nje, kaka akafanya alivyoambiwa. Gari likatetemeka lote, likazima. Kukawa kimya, nasikia moyo wangu tu.

Fundi alinipa somo baadaye, bila kucheka. Tabo inasukumwa na moshi wa eksozi wenye moto mkali, na shafti yake inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Ya kuiga, ikiwa haikupimwa ulinganifu wake au chuma chake ni duni, inatikisika, inakula bushi na sili. Oili inavujia kwenye njia ya hewa, na injini ya dizeli inaichoma kama mafuta. Ndiyo maana ufunguo hausaidii kitu. Na vipande vya kifeni vikiingia kwenye silinda, injini imenoki. Yetu ilinoki. Injini ya mtumba, milioni tatu na nusu.

Sasa wewe mwenye mchuma wako, sikiliza. Kama mfuko unaruhusu, chukua orijino mpya, na linganisha namba iliyo kwenye kibati cha tabo na ya ile ya zamani. Usiamini boksi, maboksi yanaigwa. Kama hauruhusu, afadhali mtumba ulio orijino kuliko mpya ya kuiga. Ila ikague: shafti ikicheza kidogo sana kwenda kando si mbaya, lakini ukiivuta mbele na nyuma usisikie mchezo wowote. Vifeni visiwe vimemeguka wala kukwangua nyumba yake, na ndani kusiwe kumelowa oili.

Na jua kwanza kilichoua ile ya zamani. Badilisha paipu, oili na filta, na tabo iwekewe oili kabla ya kuwasha. La sivyo hata orijino utaizika. Ukitoka kupanda mlima, acha injini iungurume taratibu dakika moja mbili ndipo uzime.

Kaka hakunipiga. Pale pale Kitonga, tukisubiri gari la kutuvuta, aliniuliza swali moja tu: "Dogo, tabo ilikuwa shilingi ngapi?" Nikatazama chini, nikaona raba zangu. Nikamwambia ukweli, mbele ya shemeji na watoto.

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Nilidhani nanunua tabo. Kumbe nilikuwa nakununulia raba."

Shemeji hakusema neno. Mpaka leo nikienda pale kwao ananikaribisha chakula vizuri tu, ila akitaka kumtuma mtu dukani, anamtuma mtoto.

Namlipa kaka laki moja kila mwezi, nikilipwa na mhariri. Simu imeshauzwa, na yule wa kuniita bosi hapokei tena. Raba zenyewe zimeachia soli.

Wiki ijayo Mungu akipenda. Wikiendi njema, na kama umetumwa spea, nunua ulichotumwa.