Besi si Jina Tu

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Basi nami nauliza: mbona neno "besi" linatukosesha usingizi?

Katika kidato cha kwanza twafunzwa kwamba besi ni oksaidi au haidroksaidi ya metali, na kwamba ikikutana na asidi hutoa chumvi na maji. Chokaa ni mfano. Hayo tunaelewa. Tukifika kidato cha nne twaambiwa eti ndani ya DNA, ambamo urithi wetu umeandikwa, mna besi nne: adenini, thaimini, guanini na saitosini. Metali iko wapi? Hamna! Hapo wengi hukata tamaa na kukariri kama kasuku: A na T, G na C. Ukiuliza, wenzako watakujibu, "Hayo ni majina tu, wewe andika."

Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mwaka wa 1923 Brønsted na Lowry walieleza kuwa besi ni kitu chochote kinachopokea ioni ya haidrojeni kutoka kwa asidi. Ukishika maana hiyo, fundo linafunguka. Atomu ya naitrojeni inaweza kuwa na jozi ya elektroni ambayo haijafungwa na atomu nyingine, na jozi hiyo ndiyo hupokea ile ioni. Ndiyo sababu amonia ni besi. Adenini nayo ina naitrojeni za aina hiyo, kwa hivyo ni besi, ingawa dhaifu. Thaimini ni dhaifu kupita zote.

Lakini usikimbilie litmasi! DNA nzima ni asidi, kwa sababu ya fosfeti zilizojipanga kwenye uti wake. Besi zake zimo ndani, zimeshikana kwa vifungo vya haidrojeni: A na T viwili, G na C vitatu.

Kwa maoni yangu, kosa ni kuifunza kemia na bayolojia kama watu wasioamkiana. Nawasihi walimu wetu wa masomo haya mawili watupe kipindi kimoja tu cha pamoja kila muhula. Chama chetu cha Kiswahili nacho kibandike ukutani maneno haya na maana zake, kwa lugha tunayoongea tukienda nyumbani.

Shime wenzangu! Kilichokaririwa hutoroka mtihanini, kilichoeleweka hubaki.