Si kila mtoto mkimya darasani ni mvivu

Mawingu yakitanda Nakwa, mjini Babati, mtoto mmoja anaweza kuacha kuandika na kukodolea macho dirisha. Ni rahisi kumwita mvivu. Lakini Desemba 3, 2023, tope kutoka Mlima Hanang lilifunika sehemu ya Katesh, humu humu Manyara, na kuua watu zaidi ya 80. Kwa aliyenusurika, ngurumo si ngurumo tu.

Jeraha la moyo halifungwi bandeji. Hujitokeza kwa ndoto za kutisha, kukojoa kitandani, hasira, kujitenga au kushuka kimasomo. Fimbo haliponyi, huongeza hofu.

Kinachosaidia ni mtu mzima mtulivu, ratiba isiyobadilika ovyo, michezo, na sikio lisilomlazimisha mtoto kusimulia. Dalili zikiendelea zaidi ya mwezi, mzazi amfikishe kituo cha afya au kwa ofisa ustawi wa jamii. Namba 116 ya msaada kwa mtoto hupigwa bure.

Mwalimu naye asisahaulike. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya miaka 18. Baadhi yao leo wameshika chaki, na wanaadhibu kama walivyoadhibiwa. Shule ikiwapa walimu nafasi ya kuzungumza yao bila kuchekwa, watoto ndio watakaofaidi kwanza.